Kuunda kompyuta ya gemu kwa bei ya PS5: mwongozo kamili

Kabla hujauliza bei ya kadi ya michoro (kifaa kinachochora picha za gemu) yoyote, ingia dukani uulize PS5 inauzwaje leo. Achana na bei ya Marekani unayoiona mtandaoni. Huko Sony walipandisha Agosti 2025: yenye diski ikawa dola 549.99, isiyo na diski 499.99, na Pro 749.99. Ikifika Dar es Salaam au Nairobi imeshabeba usafiri, kodi na faida ya kila mkono iliyopitia. Bei ya dukani kwako ndiyo kipimo. Juu yake weka pedi ya pili, gemu mbili tatu, na mwaka mmoja wa PlayStation Plus, maana bila usajili huo gemu nyingi za kulipia hazichezeki mtandaoni. Jumla utakayoipata ndiyo bajeti yako ya kompyuta.

Kwa bajeti hiyo, ukinunua kila kitu kipya, konsoli itakushinda. Sony wanaagiza chipu kwa mamilioni, wewe unanunua moja, tena kwa winga (dalali). Lakini ukichanganya kipya na mtumba kwa akili, unaifikia konsoli na mara nyingine unaipita. Siri yenyewe si kubwa: hela nyingi iende kwenye kadi ya michoro, pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) usiibanie, kwingine kote bana mpaka basi. Mwongozo huu unafuata kanuni hiyo mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: Mjue unayeshindana naye

PS5 ilitoka Novemba 2020. Ndani yake kuna prosesa ya AMD yenye viini 8 vya kizazi cha Zen 2, inayofika gigahezi 3.5, na sehemu ya michoro yenye vitengo 36 vya kizazi cha RDNA 2, jumla ya teraflopu (kipimo cha kasi ya hesabu za michoro) 10.28. Kumbukumbu ni GB 16, lakini prosesa na michoro wanagawana humo humo. Xbox Series X ina teraflopu 12, na mdogo wake Series S ana 4 tu na kumbukumbu ya GB 10. PS5 Pro, iliyotoka Novemba 2024, ina vitengo 60 vya michoro. Huyo wa mwisho mwache apite, si wa bajeti hii.

Angalia jina la kizazi, kwa sababu AMD hiyo hiyo iliyotengeneza moyo wa PS5 iliuza kadi za RDNA 2 kwa watu wa kompyuta. Radeon RX 6700 yenye GB 10 ina vitengo 36, sawa kabisa na PS5. RX 6600 ina 28, RX 6600 XT ina 32, RX 6700 XT ina 40. Kwa hiyo huhitaji kubahatisha: ndugu wa PS5 wako sokoni, wamebandikwa majina, na wengi wao sasa ni mtumba.

Kwa upande wa prosesa hali ni nyepesi zaidi. Ryzen 5 5600 ina viini 6 tu, lakini ni vya Zen 3, vinafika gigahezi 4.4 na vina akiba ya ndani ya MB 32. Kwenye gemu inaipita prosesa ya PS5 bila jasho. Hata Ryzen 5 3600 ya mwaka 2019 inatosha kwa fremu (picha) 60 kwa sekunde kwenye gemu nyingi.

Hatua ya 2: Gawa hela kabla hujatoka nyumbani

Siandiki bei za shilingi hapa, kwani zingezeeka kabla hujafika dukani. Mgao hauzeeki haraka hivyo:

- kadi ya michoro: asilimia 40
- prosesa na madabodi (bodi kuu inayobeba vyote): asilimia 25
- RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 16: asilimia 10
- SSD (hifadhi ya Windows na gemu): asilimia 10
- pawasaplai: asilimia 10
- kasha: asilimia 5

RAM ndiyo itakayokusumbua. Bei zake zilipanda vibaya kuelekea mwisho wa 2025, kwa vile viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu za kompyuta kubwa za akili mnemba. Ikila zaidi ya fungu lake, punguza kwenye SSD au kasha, usiguse kadi. Vijiti vya RAM ya aina ya DDR4 vya mtumba ni salama kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa RAM haina kitu kinachozunguka wala kuchakaa kwa matumizi ya kawaida. Hii ni sababu mojawapo ya mimi kukusukuma kwenye soketi (kikalio cha prosesa kwenye bodi) ya AM4 ya AMD, inayotumia DDR4, badala ya majukwaa mapya yanayodai DDR5.

Runinga haimo kwenye hesabu. Mwenye konsoli naye anatumia runinga ya sebuleni, basi na wewe anza na hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Chagua njia

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kompyuta ya ofisini iliyostaafu, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazoletwa kutoka Uingereza na Dubai, ukaichomeka kadi ya michoro. Ya pili ni kununua kifaa kimoja kimoja na kuunganisha mwenyewe.

Njia ya kwanza ni rahisi, na ndiyo watu wengi wanayoanza nayo, lakini ina mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni umri. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au Ryzen 2000 na kuendelea. Ile Core i7-4770 unayouziwa kwa maneno matamu ya "i7 hiyo, bosi" haimo kwenye orodha. Vilevile zile mashine kubwa za kazi zenye Xeon E5. Na hili si suala la Windows tu: Valorant kwenye Windows 11, Battlefield 6, na EA Sports FC 26 kwa mpenda mpira, zote zinadai TPM 2.0 na Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka) ili mfumo wao wa kuzuia udanganyifu ukubali kufunguka. Ukinunua mashine ya 2014 kwa ajili ya kucheza mpira, utakuwa umenunua meza.

Mtego wa pili ni pawasaplai. OptiPlex za mnara za kizazi cha 8 huwa na wati 260 hivi, bila waya wa kulishia kadi kubwa, na kichomeo cha kwenda kwenye bodi ni cha Dell wenyewe, hivyo pawasaplai ya kawaida haiingii bila adapta. HP nao wana mtindo wao. Mtego wa tatu ni umbo: kwenye yale makasha membamba kadi ya urefu wa kawaida haikai, na yale madogo ya kushika kiganjani hayana hata sloti.

Kama umeamua njia hiyo, tafuta mnara wenye Core i5-8500 au zaidi, kisha weka RTX 3050 ya GB 6. Kadi hiyo hula wati 70, inajilisha kutoka kwenye sloti bila waya wa ziada, na kuna matoleo mafupi ya kuingia kwenye kasha jembamba. Utapata mashine inayokaribiana na Xbox Series S. Ni heshima, ila PS5 hujaigusa.

Njia ya pili ndiyo ninayoitetea. Prosesa ni Ryzen 5 5600, au 5500 kama hela inabana, au 3600 ya mtumba. Bodi ni B450 au B550. B550 inapokea PCIe 4.0 (PCIe ni barabara ya data kati ya bodi na kadi), B450 na A520 zinaishia 3.0, na kwa RX 6600, inayotumia njia 8 tu badala ya 16, utapoteza kiasi fulani cha kasi. Si cha kulilia, lakini bei zikikaribiana chukua B550. Ukichukua B450 na prosesa ya 5000, muulize muuzaji kama BIOS (programu ya ndani ya bodi) imeshasasishwa, na usikubali jibu la mdomo: aiwashe na prosesa hiyo hiyo mbele yako. Mwenye kupenda Intel atachukua Core i5-12400F na bodi yake inayokubali DDR4. Ni prosesa nzuri, bodi zake ndizo huwa ghali zaidi.

Prosesa nilizozitaja za AMD, na ile ya Intel yenye herufi F, hazina michoro ya ndani. Bila kadi, skrini inabaki nyeusi.

Hatua ya 4: Kununua kadi ya michoro bila kulizwa

Hapa ndipo watu wanapoliwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Orodha yangu, kuanzia chini: RX 6600 ni kadi ya mwenye runinga ya 1080p (Full HD), inakula wati 132 na inataka waya mmoja wa pini 8. RTX 2060 Super na RTX 2070 Super ni za zamani kidogo lakini bado zina nguvu, na zina DLSS, teknolojia ya Nvidia ya kukuza picha ndogo ionekane kubwa. RTX 3060 ya GB 12 ina kumbukumbu ya kutosha kwa miaka mingine. RX 6700 na 6700 XT ndizo zinazoishika PS5 mkono kwa mkono. XT ina GB 12 na inataka wati 230. Ukiikuta 6700 XT kwenye hali nzuri na fungu lako linatosha, usizunguke tena.

RX 5700 XT ina nguvu na huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini haina vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga (ray tracing). Zamani hilo lilikuwa pambo. Sasa gemu kama Indiana Jones and the Great Circle na Doom: The Dark Ages hazifunguki rasmi kwenye kadi isiyo navyo. Iache.

Kuhusu kumbukumbu ya kadi: GB 8 bado inafanya kazi kwa 1080p ukipunguza ubora wa sura za vitu. Chini ya hapo usinunue kwa lengo la kushindana na konsoli, maana gemu za sasa zimetengenezwa zikitegemea ile GB 16 ya pamoja ya PS5 na Xbox.

Sasa udanganyifu. Kuna RX 580 zinazouzwa kama kamili kumbe ni toleo lililopunguzwa, lenye vichakato (viini vidogo vya michoro) 2048 badala ya 2304. Kuna RTX 3060 ya GB 8, dhaifu kuliko ya GB 12, na sanduku linafanana. Kuna kadi kongwe zilizoandikwa upya BIOS zijitaje kwa jina jipya. Dawa yao ni programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z. Iweke kwenye flashi, nenda nayo, na uwe na namba hizi kwenye simu:

- RX 6600: vichakato 1792
- RX 6600 XT: 2048
- RX 6700 XT: 2560
- RTX 2060 Super: 2176
- RTX 2070 Super: 2560
- RTX 3060 ya GB 12: 3584

Namba ikipishana, rudisha kadi mezani, aga kwa heshima, ondoka.

Halafu jaribio la joto. Kwenye flashi hiyo hiyo weka FurMark (ya kuichosha kadi) na HWiNFO (ya kusoma joto). Iendeshe kadi kwa dakika 15 ukiwa umesimama hapo. Tazama skrini: vidoti vya rangi, mistari, picha inayokatika, vyote ni dalili za kumbukumbu inayokufa. Sikiliza feni, ikikwaruza, bei ishuke au uondoke. Kwenye kadi za AMD kuna kipimo cha sehemu yenye joto zaidi ya chipu, nacho kikomo chake ni nyuzi 110. Ikigonga hapo ndani ya dakika chache, pesti yake ya kupitishia joto imekauka au feni imechoka. Pesti hubadilishwa na fundi kwa muda mfupi, ni hoja ya kupunguziwa bei wala si ya kukimbia.

Kadi iliyotumika kuchimba sarafu za kidijitali si lazima iwe mbovu. Nyingi zilifanya kazi kwa joto lisilopanda na kushuka, jambo ambalo chipu hulipenda. Kilichochoka ni feni. Yenye kutu kwenye matundu ya HDMI ndiyo inayonitisha zaidi, hasa iliyokaa mji wa pwani.

Muuzaji anayekataa kuwasha kadi mbele yako amekwisha kukujibu. Anayekubali, mwombe risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) na aandike kwa kalamu siku za kurudisha. Ukinunua kwa winga asiye na duka, hakuna risiti wala kurudisha, na bei inapaswa kuonyesha hivyo.

Hatua ya 5: Vilivyobaki

Pawasaplai inunue mpya, wati 550 kwa RX 6600 au RTX 3060, wati 650 kwa 6700 XT. Tafuta alama ya 80 Plus Bronze kutoka kampuni inayojulikana. Inayofaa kwetu ni ile inayopokea volti 100 hadi 240 yenyewe, kwa sababu umeme wetu wa 230 jioni hushuka. Zile za bei ya kutupa zenye swichi nyekundu ya 115 na 230 zina balaa lake: ikiwa swichi iko 115 na ukachomeka ukutani, itapasuka papo hapo. Pawasaplai mbaya haifi peke yake. Huondoka na bodi na kadi.

RAM: vijiti viwili vya GB 8, megahezi 3200, usichukue kimoja cha 16. Viwili hufungua njia mbili za kusafirishia data, na Ryzen huhisi tofauti hiyo sana.

SSD: NVMe (ile nyembamba inayochomekwa kwenye bodi) ya TB 1 ikiwezekana. Ya PS5 inasoma GB 5.5 kwa sekunde, lakini huhitaji kuifikia. NVMe ya kawaida ya PCIe 3.0 inafungua gemu ukiwa hujamaliza kukaa. SSD usinunue mtumba bila kuiangalia afya kwa programu ya CrystalDiskInfo.

Kasha: lolote lenye uso wa wavu na feni mbili. Kioo mbele ni urembo wa nchi za baridi.

Hatua ya 6: Kuunganisha

Tenga mchana mzima, meza ya mbao, bisibisi ya nyota yenye sumaku kidogo, na bakuli la skrubu. Zima feni ya dari kama inamwaga vumbi. Kabla ya kushika chochote gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke. Fanya hivyo kila unaporudi mezani.

Anza nje ya kasha. Weka bodi juu ya sanduku lake. Inua mkono wa soketi ya AM4 wima. Prosesa ina pini chini yake na pembetatu ya dhahabu kwenye kona moja. Linganisha na pembetatu ya kwenye soketi, kisha iachie ishuke kwa uzito wake. Usibonyeze. Isiposhuka, itoe utazame kama kuna pini iliyopinda. Ikikaa sawa, shusha mkono.

Vijiti vya RAM viende kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Bonyeza mpaka usikie mlio. SSD inaingia kwa mshazari kwenye sloti ya M.2 iliyo karibu zaidi na prosesa, unailaza na kuifunga kwa skrubu ndogo, ile ambayo ikianguka kwenye zulia ndiyo mwisho wa kuonana. Kama bodi ina bamba la kupoza SSD, bandua plastiki kwenye pedi yake kwanza.

Feni inayokuja na Ryzen 5 5600 ina skrubu nne za springi. Ili iingie, fungua zile plastiki mbili zilizo pembeni ya soketi, na wakati unazifungua shikilia bamba la nyuma ya bodi lisidondoke. Pesti imeshapakwa kiwandani. Kaza skrubu kwa mshazari, kona kwa kona, kidogo kidogo, zote zifike pamoja. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, feni italala upande. Chomeka waya wake palipoandikwa CPU_FAN.

Sasa kasha. Hakikisha vile vijiti vya shaba vya kuinulia bodi vipo kila penye tundu la skrubu la bodi yako, na hakuna cha ziada kinachogusa mgongo wake pasipo tundu, kwa kuwa huo ni mzunguko mfupi unaosubiri. Bandika bamba la matundu la nyuma, kisha shusha bodi na ufunge.

Nyaya za pawasaplai: ule mpana wa pini 24 upande wa kulia wa bodi, wa pini 8 wa prosesa juu kushoto, wa pini 8 wa kadi. Hizi mbili za mwisho zinafanana na hazibadilishani. Wa prosesa hugawanyika 4 na 4, wa kadi hugawanyika 6 na 2. Ukihisi unalazimisha, umeshika usio wake. Nyaya ndogo za swichi ya kuwashia zina ramani kwenye kitabu cha bodi. Piga picha ukurasa huo.

Kadi iingie mwisho kabisa, kwenye sloti ndefu ya juu, ifungwe kwa skrubu nyuma. Kebo ya HDMI ichomekwe kwenye kadi, siyo kwenye bodi. Nusu ya simu ambazo mafundi wanapigiwa usiku zingekoma watu wakilijua hilo.

Washa. Mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi dakika moja au zaidi bodi ikiizoea RAM, subiri. Ikiendelea, zima, chomoa ukutani, toa vijiti vyote na urudishe kimoja tu kwenye sloti ya pili. Halafu kagua waya wa pini 8 wa prosesa, ambao ndio husahaulika zaidi.

Hatua ya 7: BIOS na Windows

Ingia BIOS kwa kubonyeza Delete wakati wa kuwaka. Washa XMP (mpangilio wa kasi ya RAM), au DOCP kwenye bodi za Asus. Usipofanya hivyo RAM yako ya 3200 itatembea kwa 2133 au 2400 na hutaambiwa. Zima CSM, washa Above 4G Decoding na Resizable BAR, washa fTPM (ndiyo TPM ya AMD), kisha Secure Boot.

Windows 11 inahitaji flashi ya GB 8 iliyotengenezwa kwa programu ya Microsoft yenyewe, Media Creation Tool. Windows isiyo na ufunguo wa leseni bado inafanya kazi, ikiwa na maandishi hafifu pembeni ya skrini na baadhi ya mipangilio ya mwonekano ikifungwa. Usichukue flashi ya "Windows iliyofunguliwa" ya mtaani. Hujui nani mwingine anaingia humo.

Bodi nyingi za bei nafuu hazina Wi-Fi. Unganisha simu ya Android kwa kebo ya USB na ushiriki data. Windows huitambua bila draiva. Hapo hapo, kwenye mipangilio ya mtandao, weka muunganisho huo kuwa wa kipimo, la sivyo masasisho yatamaliza bando kabla hujafungua gemu hata moja. Draiva ya michoro ichukue kwenye tovuti ya AMD au Nvidia tu.

Linux ni chaguo kwa asiyetaka Windows. Gemu nyingi za Steam zinakwenda vizuri huko, ila EA Sports FC na Valorant haziendi. Kwa mtu wa mpira hapo mjadala umekwisha.

Hatua ya 8: Kuipanga gemu ifanane na konsoli

Wengi huvuta kila kitu hadi juu kabisa, kisha wanalalamika kwamba PS5 inawashinda. PS5 yenyewe haifanyi hivyo: inapunguza azimio gemu ikiwa nzito, inalikuza tena, na inatumia vivuli vya wastani. Iga. Weka 1080p, au 1440p kwa 6700 XT. Sura za vitu weka juu kadiri kumbukumbu ya kadi inavyoruhusu. Vivuli na ukungu weka wastani. Ndivyo hula nguvu nyingi huku jicho likiona kidogo. Miale ya mwanga zima pale gemu inapokubali. Washa FSR (mwenzake DLSS kutoka AMD) au DLSS kwenye daraja la ubora, funga fremu kwenye 60, na runinga iweke kwenye hali ya gemu ili pedi isichelewe.

Hatua ya 9: Umeme, joto na bando

Mashine yenye RX 6600 ikicheza hula kama wati 250, PS5 kama 200. Saa nne za gemu ni uniti moja ya LUKU kwa kompyuta, na 0.8 kwa konsoli. Tofauti haitakufilisi. Kitakachokufilisi ni umeme unaporudi baada ya kukatika. Chukua UPS (betri ya akiba) yenye uwezo halisi wa wati 400 au zaidi. Usidanganywe na namba ya VA, kwa kuwa ya VA 650 mara nyingi hutoa wati zisizofika 400. Kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima, siyo kumaliza mechi.

Kasha lisikae sakafuni wala kwenye dirisha linalotazama bahari. Vumbi lipulize kila baada ya miezi miwili, ukishikilia mapanga ya feni yasizunguke.

Kwa gemu zenyewe, bei za Steam kwetu ni za dola, na kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inalipa. Subiri punguzo, ni la kila msimu. Epic hutoa gemu ya bure kila wiki, na kucheza mtandaoni hakuna ada kama ya PlayStation Plus. Bando likiwa tatizo, kumbuka kuwa tangu 2023 Steam inanakili gemu kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia ruta ya nyumbani bila kugusa intaneti. Rafiki mwenye faiba mtaani anatosha, maana gemu moja kubwa huzidi GB 100.

Nani asijenge

Kama unacheza mpira tu na wenzako sebuleni, huna kazi nyingine ya kompyuta, na hutaki kujua BIOS ni nini, nunua konsoli. Anayesubiri Grand Theft Auto VI naye ajue kwamba ilitangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee. Mwenye banda la kukodisha gemu mtaani anahitaji konsoli pia, kwani kompyuta mikononi mwa vijana ishirini kwa siku haimalizi mwezi.

Mwanafunzi, mhariri wa video, mtengeneza mapigo ya muziki, anayeandika programu, huyo ajenge. Na akijenga kwenye B550, baadaye ataweza kutoa 5600 akaweka Ryzen 7 5700X3D au 5800X3D kwenye soketi ile ile, RAM ile ile, bila kununua bodi nyingine.